Kopo la Kupimia Mvua

Mjukuu wangu Redempta,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mimi mzima, magoti tu. Mbuzi amezaa mapacha. Mama Goodness ndiye anayeniandikia barua hii.

Lile kopo lako la kupimia mvua bado liko uani kwangu, pale ulipolisimika. Tangu Novemba halijapata tone. Majirani wanasema ndilo linalozuia mvua, na mchawi ni mimi. Nikawaambia mkutanoni, "Mvua ingekuwa koponi mwangu, mahindi yangu yangekauka?" Walicheka, lakini Jumamosi wanakuja kuling'oa, na mimi wanataka nihame.

Wewe umesomea hali ya hewa. Njoo uwaeleze kwamba dunia nzima inazidi kupata joto. Nikisema mimi, wanasikia kizee anajitetea. Nimechoka, mwanangu. Lakini kopo siling'oi.

Ni mimi bibi yako, bado niko hapa kijijini Bonga.