Glovu za Idi za Da Zuhura

Jumanne, 2 Desemba 1997

Safu ya saba ya glovu. Vitanzi ishirini na nane. Jana vilikuwa thelathini. Sijui viwili vimekwenda wapi. Nimehesabu kutoka kushoto, nimehesabu kutoka kulia, nimehesabu kwa sauti. Ishirini na nane.

Nilifundisha hesabu miaka kumi na moja.

Theluji kidogo tangu asubuhi. Mto bado haujaganda. Kutoka dirisha hili la ghorofa ya kumi na tisa unaonekana kama barabara nyeusi isiyo na magari.

Alhamisi, 4 Desemba

Niandike kwa nini ninafanya haya, nisije nikajidanganya baadaye.

Dada yangu Zuhura, aliyeko Unguja, ameitwa Dar es Salaam kwa usaili wa viza ya Marekani, tarehe sita Januari. Salma, binti yangu ninayeishi naye, ndiye aliyejaza fomu zote. Akipewa, atakuwa hapa kabla ya Idi. Da Zuhura ana miaka sabini na mmoja, mimi sitini na sita. Hatujaonana tangu mwaka sitini na nne.

Baridi anayoijua ni ya maji ya mtungi. Salma alisema tumnunulie glovu dukani. Nimekataa. Nataka apokee kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Zisizo na vidole, ziishie kwenye vifundo vya vidole, aweze kushika tasbihi na kikombe cha chai. Rangi za kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ziwe za sikukuu hasa, za kutokea kwenda kusali.

Sijawahi kushika sindano ya krosheti maisha yangu yote. Kwetu ilikuwa kazi ya wanawake, vitambaa vya kufunikia makochi. Nilikuwa nikiwacheka.

Jumatatu, 8 Desemba

Mwalimu wangu ni Mama Njeri, jirani wa mlango wa pili. Mkenya. Anatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Saint Paul, na krosheti alifundishwa na akina mama wa kanisani kwake. Mwezi huu anafuma glovu za Krismasi, nyekundu na kijani, na kitufe cheupe cha sufu juu ya kila mkono. Jozi nzima kwa jioni moja, macho yake yakiwa kwenye televisheni.

Leo nimempelekea glovu yangu ya kwanza iliyokamilika. Ameiweka mezani. Ikasimama wima, peke yake.

"Mzee, hii ni glove ama ni kikombe?"

Akaigonga ubavuni kwa kucha. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Unavuta uzi ni kama umekasirika. Nani amekukosea, Mzee? Hii ni wool, si waya ya fensi. Wachilia!"

Kosa nimelijua papo hapo. Ni mkono wa kofia. Ujanani nilishona kofia, kama wanaume wengi wa mtaa wetu. Kofia inataka uzi ukazwe hadi kila kitobo kisimame kigumu, kama kimechongwa. Ukiulegeza, ikifuliwa mara moja vitobo vyote vinajifumba. Da Zuhura ndiye aliyenifunza. "Kaza," alikuwa akisema. "Kaza tena." Miaka hamsini imepita na mkono bado unamtii.

Sasa najifunza kulegeza. Ni kazi ngumu kuliko kukaza.

Jumapili, 14 Desemba

Glovu ya pili imelala vizuri mezani. Laini. Nimefurahi kwa muda wa saa moja.

Kisha barua ya Hamadi. Hamadi ni mtoto wa marehemu kaka yetu, ndiye anayemwangalia Da Zuhura. Ametia ndani picha ya Da Zuhura, aliyopigwa kwa ajili ya pasi, na nyingine akiwa ameketi barazani, mikono mapajani.

Mimi nilikuwa nimepima kwa kumbukumbu. Sikuwa na kipimo kingine. Nilipokuwa na miaka saba alikuwa akinishika kifundo cha mkono kunipeleka chuoni kusoma Kurani, kwa sababu nilikuwa nikitoroka. Vidole vyake vilizunguka vikakutana na kidole gumba. Kwa kumbukumbu hiyo nilikisia mkono wake, nikakata kipimo kwenye karatasi.

Kilikuwa kipimo cha mkono wa mtoto. Na mkono ulio kwenye picha si ule. Vifundo vya vidole vimevimba, kidole cha pete kimekwenda upande.

Nimetazama picha ile hadi Salma akanitoa kwenye kiti. Glovu haimfai. Naanza upya, na vitanzi arobaini.

Jumamosi, 20 Desemba

Sijawahi kuliandika hili.

Siku niliyoondoka Unguja nilimwambia Da Zuhura naenda sokoni. Akaniagiza ndimu. Alikuwa amekwisha weka chungu jikoni. Sikwenda sokoni. Nilikuwa nimeambiwa asubuhi ile kwamba jina langu limetajwa miongoni mwa watu wa kukamatwa, na aliyeniambia alisema nisimwage siri hata kwa watu wa nyumbani. Nikamtii. Ningeweza kurudi hatua ishirini na kumwambia. Ilikuwa hatua ishirini, si zaidi.

Nilimwandikia baada ya miezi minane. Alijibu. Habari za majirani, nani kaoa, nani kafa, mvua. Barua za miaka thelathini na tatu, na hajaitaja siku ile hata mara moja. Hilo ndilo linaloniogopesha. Angenitukana ningelala.

Salma amewahi kutaka kunipeleka Unguja mara tatu. Mara ya kwanza nikasema hali ya nchi. Mara ya pili goti. Mara ya tatu nikasema theluji, kana kwamba huko kuna theluji. Mimi ni mwoga. Nimeona afadhali Da Zuhura asafiri, katika umri ule, kuliko mimi kupanda ngazi za nyumba ile na kusimama mlangoni.

Jumatano, 31 Desemba

Ramadhani. Funga ya kwanza. Ya huku ni fupi, jua linazama kabla ya saa kumi na moja.

Mama Njeri amegonga saa sita mchana na sahani ya chapati moto. Aliponiona sipokei haraka akajipiga kipaji cha uso.

"Wuui! Mko kwa mfungo! Na mimi nimekuletea majaribu kama shetani."

Nimezifunika. Nimefuturu nazo. Nyeupe imeisha kwenye mpira wa uzi, kesho nipande basi niende kutafuta nyingine.

Siku sita hadi usaili.

Jumanne, 6 Januari 1998

Tangu alfajiri sijahesabu safu hata moja sawasawa.

Hamadi amepiga simu saa mbili asubuhi, kwao jioni. Amepewa. Da Zuhura amepewa viza. Nimemwambia arudie. Amerudia.

Anasema kijana wa dirisha la viza alimuuliza Da Zuhura: umri huu, ndugu yako yuko Marekani, kipi kitakachokurudisha huku? Naye akajibu, bila kufikiri, "Kuna mtu namngoja nyumbani." Yule kijana akatabasamu akapiga muhuri. Hamadi anacheka, anasema shangazi ana mchumba hatumjui.

Nimecheka pia. Amekuwa mjane miaka ishirini.

Nimesali rakaa mbili. Kisha nimekaa jikoni nikalia, Salma akiwa kazini. Vizuri hakuniona.

Jumatatu, 12 Januari

Ya kushoto imekwisha. Mistari mitatu myekundu, mmoja mweusi, nukta nyeupe ukingoni kama za kisutu. Si kamili. Kwenye kidole gumba safu zimesongamana. Lakini ni glovu, na ni ya mtu mzima.

Mama Njeri ameivaa, akageuza mkono huku na huku.

"Sasa umeiva, Mzee. Akikuja huyo dada yako nitamshika mkono mwenyewe mpaka nje, ajue ice ni nini. Asianguke tu, nitaambia nini watu wa Zanzibar?"

Salma ameleta koti zito na viatu vya theluji. Amempa Da Zuhura chumba chake, yeye atalala sebuleni. Nimeweka msala na birika la udhu. Nimepanga na kupangua. Kuna wakati nimesimama tu mlangoni mwa chumba kile.

Alhamisi, 15 Januari

Hamadi haleti tarehe ya ndege. Nimempigia kwenye simu ya duka la jirani yao. Shangazi kalala. Nimepiga tena jana. Shangazi kaenda msibani. Leo, shangazi kachoka na funga.

Ya kulia iko safu ya tisa. Siendelei.

Jumatano, 21 Januari

Leo Da Zuhura amekuja kwenye simu mwenyewe. Sauti yake sikuwa nimeisikia kwa miaka minne, na mara ile ilisema yale yale ya barua zake: afya, jua, watoto. Leo hakuanza na afya.

"Sele. Soko gani hilo lisilofungwa?"

Nilisikia pumzi zake, na nyuma yake mtu anauliza bei ya mafuta ya taa.

"Da Zuhura, nisamehe."

"Nilikusamehe kabla ndimu hazijahitajika. Nisikilize. Wale watu waliniuliza kipi kitanirudisha, nikawaambia kuna mtu namngoja. Nimesema kweli tupu, sikupanga. Nimefika nyumbani nikakaa, nikawaza, mtu mwenyewe ni nani? Si wewe? Basi nikija huko, huku atakungoja nani?"

Nikamwambia chumba kiko tayari. Koti. Viatu. Nikamwambia habari za glovu, kama mtoto anayeonyesha ubao wake.

"Umefuma wewe? Kwa mkono wako ule?"

"Mimi."

"Basi zilete mwenyewe nizikague. Nikiona kosa nitazifumua mbele ya macho yako, kama nilivyokuwa nikikufumulia kofia. Na usinambie goti. Hata mimi nina magoti."

Kadi ya simu ikaisha.

Hatakuja. Da Zuhura hatakuja.

Jumapili, 25 Januari

Siku nne za hasira. Nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia Hamadi kwa kunificha, nimekasirikia koti lililotundikwa mlangoni. Sindano sikuigusa. Mama Njeri amekuja kuniuliza ndege inatua lini amchukue kwa gari lake. Nilimwambia hatakuja. Akasema, "Lakini Mzee, hajakukataa. Amekuita."

Amesema na akaondoka, zamu yake ilikuwa imefika.

Nimeitafuna kauli ile hadi magharibi. Miaka yote hii nilidhani ananyamaza kwa sababu hataki kunisamehe. Alikuwa amenyamaza akingoja nirudi. Ni mambo mawili mbalimbali kabisa, nami nimesoma vitabu vyote nilivyosoma nisione tofauti yake.

Wakati wa kufuturu nimemwambia Salma: nitakwenda. Alikuwa akikoroga uji. Akazima jiko.

"Baba, sema tena."

Nimesema tena. Amekaa chini na mwiko mkononi. Uji umeshika chini, tumeula hivyo hivyo.

Ijumaa, 30 Januari

Idi.

Tumesali katika ukumbi wa chini wa jengo letu, Wasomali, Waoromo, na sisi wachache wa pwani. Watoto nguo mpya ndani ya makoti mazito. Nimetoka nje kidogo baadaye. Baridi kavu, jua jeupe. Mikono mifukoni.

Salma amezungumza na mtu wa tiketi. Mwezi wa Mei, anasema, mvua zikipungua. Nimesema Machi. Ameandika Machi.

Mchana nimemaliza ya kulia. Kwenye kidole gumba safu zimesongamana vile vile, mahali pale pale. Nimeliona kosa mapema, lingerekebishika. Nimeliacha.

Mama Njeri amenionyesha jinsi ya kufunga: unapitisha uzi ndani ya kitanzi cha mwisho, unakaza, unakata. Usipofunga, anasema, mtu akivuta yote inafumuka. Ya kushoto nilikuwa nimekwisha ifunga.

Ya kulia sikuifunga. Nimekichoma kitanzi cha mwisho kwa pini na kuuacha uzi mrefu unaning'inia. Da Zuhura awe na pa kuanzia kufumua.