Sharti la Nne

Jumatatu, 14 Aprili 1997

Kwa miguu kutoka kwangu Mutanga Sud mpaka hospitalini, tena! Petroli hakuna. Vikwazo vya nchi jirani vimetushusha wote barabarani, hata matajiri wa Kinindo wenye magari. Nimefika na hasira zangu, na wa kwanza mlangoni ni Miza.

Miza ni mkunga wetu, mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, miaka ishirini wodi ya wazazi. Nilikulia nyumba ya tatu kutoka kwao. Ndiyo maana daftari hili naandika Kiswahili. Mume wangu Gélase hakisomi vizuri, na afadhali.

Kamleta jirani yake, Tahani. Miaka ishirini na tisa, watoto wawili, moyo mbovu. Mimba ya pili ilimlaza wiki tatu kwenye oksijeni. Sasa ana ya tatu. Daktari Zénon wa moyo kasema wazi: hii hataimaliza akiwa hai. Itolewe.

Sheria inaruhusu tu uhai wa mama ukiwa hatarini. Hospitali ni ya serikali, inafanya bure, lakini kwa masharti manne. Nayajua kwa kichwa, nimeyachapa mimi, katibu wa kamati inayoamua maombi haya. Madaktari wawili wasaini. Mimba isizidi wiki kumi na mbili. Mama azungumze na assistante sociale, mshauri wa ustawi wa jamii. Mume asaini. Likikosekana moja, muhuri wa idhini haugongwi. Muhuri uko kwenye droo yangu.

Nikamwambia Miza kwamba masharti ni mazuri. Dawa za usingizi zimebaki za kuhesabu. Na pesa ni za wote, hata za wale ambao dhamiri yao inakataa jambo hili. Yangu yenyewe haijatulia! Hakubisha. Kaniita kwa jina la binti yangu, kama kawaida yake: "Sawa, Mama Carmen. Tutafanya yote ine."

Lakini mume, Nawaf, yuko Kigoma, ng'ambo ya mpaka. Alifuata vipuri Februari, na meli haziji. Simu haipiti. Miza katuma barua na madereva wa malori.

Jumanne, 15 Aprili

Zénon kasaini. Orlane, assistante sociale, kazungumza na Tahani saa nzima. Mmoja katoka analia — Orlane!

Halafu pigo. Daktari Pontien, mkuu wa kamati, kampapasa tumbo: wiki kumi na nne. Mashine ya picha imekufa tangu Desemba, kwa hiyo mikono yake ndiyo mashine. Kumi na nne si kumi na mbili. Basi.

Tahani kakaa kwenye benchi la korido. Hakulia. Kaomba maji ya kunywa. Nimempa kwa kikombe changu, nikarudi kuchapa barua za watu wengine, nikikosea kila mstari.

Jumatano, 16 Aprili

Huyu Miza! Huyu mwanamke!

Saa mbili asubuhi kaingia kwa Pontien na karatasi iliyokunjwa mara nne, ina madoa ya mafuta. Ratiba ya Ramadhani, ile msikiti unayogawa kila mwaka: tarehe za Kiislamu upande huu, tarehe zetu upande ule, saa za kula daku na za kufuturu. Siku tano zimezungushiwa kalamu. Mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi, ila lazima azilipe baadaye. Kwa hiyo wanaziandika. Tahani aliacha kufunga siku ya kumi na saba. Na pembeni, kwa herufi za mtambo: 27 Januari.

Pontien kasema tarehe za kina mama anazijua, kila mmoja anakisia.

"Dogiteri," Miza kamjibu, sauti ya chini kabisa, "mwanamuke wa kwetu anaweza sahau bei ya sukari. Deni ya Mungu, apana. Tatu amekwisha lipa. Mama-mkwe alikuwa anamupikia daku."

Pontien kahesabu kwenye kalenda yake, kwa ncha ya kalamu, mara mbili. Wiki kumi na moja na siku mbili tangu siku hiyo. Kampapasa tena, polepole, kakubali kwamba jana alikosea. Kasaini.

Mimi nina diploma ukutani. Nisingefikiria hilo hata mwezi mzima.

Ijumaa, 18 Aprili

Leo Idi Kubwa. Miza kaja kazini hivyohivyo, kaniletea pilau kwenye bakuli lenye kitambaa. Barua haijajibiwa. Jumatatu wiki kumi na mbili zinatimia.

Baada ya swala kaja mzee Thabit, baba wa Nawaf, kanzu nyeupe, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Anataka kusaini yeye kwa niaba ya mwanawe. Sheikh ameshawaambia kwamba uhai wa mama ndio unaotangulia. Nikamwonyesha fomu: imeandikwa "mume". Kanishukuru. Kanishukuru mimi! Katoka anatembea taratibu. Nimejisikia mdogo.

Jimmy wa masijala kamnong'oneza Miza: si mwandike tu jina la Nawaf, nani atajua?

"Apana, Jimmy. Mi niliomba Dogiteri aamini karatasi yangu. Leo nimuletee ya uongo?"

Nimesikia nikiwa nyuma ya kabati. Nikalifunika bakuli la pilau.

Jumapili, 20 Aprili

Misani sikusikia neno. Nimewaza jambo moja tu: kamati ilisema nini hasa kuhusu mume aliye mbali? Lazima waliliongelea. Lazima iko nafasi. Kesho natafuta muhtasari wa kikao chenyewe.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimeupata. Machi 1994, kurasa mbili, saini saba.

Masharti matatu.

Nimesoma mara tatu. Madaktari, wiki, mazungumzo. Mume hayumo! Hayumo popote.

Nimekaa chini, nikakumbuka. Walitaka fomu haraka, na wakati ule kila siku risasi, kila mtu anataka kuwahi nyumbani. Nikachukua fomu ya kufunga kizazi, ile ya zamani, nikabadilisha maneno ya juu. Mstari wa chini, "saini ya mume", niliuacha. Sikuuona. Wakubwa wakasaini bila kusoma, na mimi miaka mitatu nimeulinda kama amri ya Musa.

Ningeweza kunyamaza. Nimewaza hivyo, naandika ukweli. Kisha nikampelekea Pontien karatasi zote mbili, nikamwambia: kosa ni langu. Hakunitazama. Kafunga mlango, kampigia mkurugenzi kuomba mstari ule ufutwe.

Sasa ni saa tisa. Chumba cha upasuaji kinafungwa saa kumi, wauguzi wawahi kabla ya amri ya kutotoka nje. Tahani yuko kwenye benchi, hajala tangu jana, yuko tayari. Miza kamshika mkono.

Nimemweleza Miza yote, nimesimama mbele yake kama mwanafunzi. Nilitegemea anitukane. Nilistahili. Kanikalisha kwanza. Kisha kaniuliza:

"Wangapi walirudishwa juu ya huo mustari?"

Nikamwambia sijawahi kuhesabu. Kasema: "Basi angalia, Mama Carmen. Labda iko wenye bado wanaishi."

Sauti ya Pontien inapanda nyuma ya mlango. Anasema "leo". Kasema tena "leo". Sisikii anajibiwa nini.

Nimefungua droo ya waliokataliwa. Faili la kwanza, Juni 1994. Mwandiko wangu.

Mume: aliuawa, Oktoba 1993.
Saini ya mume: hakuna.
Uamuzi: arudi nyumbani.

Na muhuri wa kukataa, umekaa sawasawa.