Matusi ya Mama Filomena

Newala, Jumamosi, Septemba 1958

Basi, hakukasirika.

Wasomaji wa Masasi wanasema wanawake wawili wa riwaya yangu wanachukiana, kwa matusi yale. Mwalimu mmoja wa Chidya anataka niwapatanishe. Lawama nimezizoea gazetini. Niliyemhofia ni Mama Filomena. Matusi ni yake na ya mke wangu, na nilidhani kitabu kitavunja urafiki wao.

Leo kaja nacho.

“Baba Yosefu, mbona hukuandika kwamba sisi watani, mimi Mmakonde, yeye Mngoni? Watu watajuaje?”

Kweli, sikuandika. Kwetu nani huuliza?

Akamgeukia mke wangu. “We mwizi wa ng’ombe! Mumeo kanipunguzia ulimi. Lile la msibani kaliacha!”

“Afadhali, mla mizizi ya ming’oko,” mke wangu akajibu, akimsogezea kigoda.