Karatasi Zenye Mhuri

Jumanne. Upepo umevuma tangu asubuhi, nimevaa sweta na kujifunga kanga mbili na bado nasikia baridi. Ukurasa huu wa mtandaoni alinifungulia mwanangu Bernadeta. Atasoma, na asome tu.

Bernadeta anatengeneza kompyuta kule Majengo. Leo nimempelekea chakula nikamkuta amekunja uso. Anasema mfumo endeshi wa kompyuta za wateja wake una tundu. Mtu aliyepewa ruhusa ndogo, ya kuandika barua basi, anapenya hapo na kujifanya msimamizi wa mashine nzima. Akifuta kitu, mashine inatii.

Nikakumbuka kazi yangu ya zamani.

Miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa kijiji, kazi yangu kupiga chapa tu. Lakini mwenyekiti wetu akienda mkutanoni Namanyere, aliniachia karatasi tupu alizokwisha kutia sahihi na kugonga mhuri, ili kazi isilale. Wote tulijua, na hakuna aliyeona ubaya.

Siku moja, mwenyekiti hayupo, nilikuwa nachapa majina ya kaya kumi za kuhamishwa kwanza. La nne lilikuwa la mama yangu. Ulezi wake ulikuwa bado shambani. Nikalitoa. Kaya zilitakiwa kutimia kumi, kwa hiyo nikaandika jina la jirani yetu, Mama Desideri, nikawapa mgambo karatasi yenye mhuri.

Lori lilimchukua kesho yake, na mimba yake kubwa. Alijifungulia huko walikoshushwa, chini ya turubai. Mtoto hakuifikia Jumapili.

Mwenyekiti alilaumiwa mpaka anakufa. Mimi nilinyamaza, na naona aibu hata kuandika.

Nimemuuliza Bernadeta, ukishaziba hilo tundu ndiyo basi?

“Hapana, mama. Aliyekwisha kuingia bado yumo humo humo, mpaka umtafute.”

Nimepitia kwa Mama Desideri, ambaye siku hizi ni jirani yetu tena, nikiwa nimeazimia kusema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha, akanifungia ulezi wa uji kwenye kitambaa. Nikapokea na kuondoka bila kusema nililojia. Mimi ni mwoga, sina jina jingine la kujipa.

Ulezi uko mezani, sijaufungua. Kesho asubuhi naurudisha, na safari hii nasema kabla sijakaribishwa kukaa.

Kanisani yeye ndiye hunishikia nafasi kwenye benchi. Jumapili hii sijui nitakaa wapi.