Kitezi Kilichotolewa Shingoni mwa Mama

Tongyeong,
14 Novemba 2019

Mpendwa Kaka Gyucheol,

Shikamoo. Hamjambo huko São Paulo, wewe, wifi na watoto? Baridi imeanza kutuuma, lakini sisi wazima, na safari hii nikisema wazima nina maana wazima kweli.

Sasa kaa kitako. Tulikuficha jambo, maana tunakujua, ungeacha kiwanda ukapanda ndege. Mama alipasuliwa shingo Jumanne ya wiki jana. Usipige kelele! Yuko nyumbani, anakula, ananisumbua.

Yale maumivu ya mifupa, yale mawe ya figo, kule kusahausahau, sote tulisema ni uzee. Baba kila wiki alimchemshia supu ya mifupa ya ng'ombe mpaka ikawa nyeupe, nami nikisimamia ameze vidonge vya kalsiamu unavyotuma. Kumbe! Daktari Pyo alipima damu akakuta kalsiamu imejaa kupita kiasi. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, na kimoja kilikuwa kimevimba, kinaifanya mifupa imwage kalsiamu yake kwenye damu. Akauliza nani anampa vidonge. Nilitazama viatu vyangu. Usijilaumu, Kaka, hata mimi nilidhani namsaidia.

Daktari aliposema kitolewe, Baba aligoma kabisa. "Huyu anauza samaki kwa mdomo. Mkigusa mshipa wa sauti, atauza kwa ishara?" Daktari hakumcheka. Alisema kitezi kibovu kimeshaonekana kwenye picha, kwa hiyo watafungua upana wa vidole viwili tu, si shingo nzima kama zamani. Wengi sana hupona kwa mara moja, ila hakuficha kwamba wachache hupotewa na sauti. Mama akakata shauri: "Nipasueni. Mifupa inayouma ni yangu."

Haikufika hata saa moja. Walitoa kitu kisichozidi punje ya maharage, wakapima damu palepale, wakaona homoni ya kitezi hicho imeshuka zaidi ya nusu, wakafunga.

Alipozinduka tulimzunguka, hakuna aliyethubutu kumsemesha. Akamkazia macho Baba. "We mzee, mbona hujanyoa? Mgonjwa ni mimi au wewe?" Sauti ileile ya sokoni! Baba akatoka nje kulia. Mimi sikutoka, nililia hapohapo.

Siku mbili vidole vilimfia ganzi kwa sababu kalsiamu ilishuka. Basi, cheka nami, daktari mwenyewe ameandika vidonge vya kalsiamu kwa wiki chache. Atapimwa tena baada ya miezi sita. Mifupa haimuumi kama zamani, na ana hasira kwamba Shangazi Bunnam anasimamia kuchachusha kabichi za kimchi ya mwaka huu bila yeye.

Baba na Shangazi wanakusalimu sana. Mbingu ziwalinde nyote.

Piga simu Jumapili. Mama atakugombeza kwa kutopiga mwezi mzima. Usikate, Kaka. Mwache agombeze mpaka achoke.

Mdogo wako akupendaye kila siku,
Okhui