Mashine Iliyokaa Stoo

Mwenzangu, usinipigie, nitatapika. Soma tu.

Ile mashine ya bosi, ile anayojisifia kwamba inawajibu wateja yenyewe? Haifanyi kazi! Mimi ndiye ninayeiunda, na nilimwambia tangu mwezi jana kwamba bado inajibu pumba.

Leo matajiri wa kumpa mtaji wamekuja kuiona. Bosi kanifungia stoo, nimekalia ndoo, kompyuta iko magotini maana tumbo limeshameza mapaja. "Wakiuliza, jibu wewe. Na usikohoe."

Mimi! Miaka minane naandika programu, leo ndiyo nimekuwa mashine!

Wakauliza bei kwenye skrini yao, nikajibu. Wakauliza saa za kufungua, nikajibu. Nawasikia ng'ambo ya ukuta: "Ajabu! Na haiombi likizo?"

Bosi akacheka. "Haili, haiugui, haizai."

Haizai, mwenzangu! Na anajua nina mimba ya miezi saba!

Kisha mama mmoja akaandika: "Mashine, wewe huwa unadanganya?"

Nikaandika, nikafuta. Bosi akagonga ukuta. Nikaandika: "Hapana. Sikuundwa kudanganya."

Wakapiga makofi. Makofi, mwenzangu!

Walipoondoka akafungua mlango, nikadhani ananiletea japo maji. "Lile la mwisho ulichelewa," akasema. "Mashine haisiti."

Kesho wanarudi na wenzao. Bosi kashaniwekea mto juu ya ile ndoo.

Na mimi, bila haya, nimeukalia kuujaribu.