Ukuta wa Gereji ya Baba Mkwe

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Mgongo unaendeleaje na baridi ya Njombe? Mimi nimeoa vizuri, mama, vizuri mno! Sesilia akicheka asubuhi, hata chai isiyo na sukari naiona tamu. Usishangae mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Haya sikutaka kuyasema kwenye simu ya jirani.

Tangu harusi tunaishi kwa baba mkwe, na nilikuwa namwomba ruhusa ya kumleta Sesilia kwako. Huku Mpanda mkwe hapandishi sauti mbele ya baba wa mkewe: unaagizwa, unaitika. Akanijibu, "Nitengenezee kwanza ukuta wa gereji, halafu tutaongea."

Gereji yake iko Kashaulili, kuta zake ni za mbao. Boriti ya chini, ile inayobeba ukuta mzima, ilikuwa imeoza kwa mvua na mchwa. Ukiichoma bisibisi inazama kama kwenye ugali. Nikainua ukuta kwa jeki ya lori, nikakata palipooza, nikachonga kipande cha mninga, nikakipaka oili chafu. Kikaingia sawasawa, nikafurahi mwenyewe. Baba mkwe akasema jeki ataishusha yeye.

Nilipopitisha mkono juu ya boriti kutoa maranda, akalegeza jeki. Ukuta ukakaa juu ya vidole vyangu.

"Baba, pandisha kidogo."

"Si tulisema tutaongea? Sesilia anaenda Njombe?"

Mafundi wake wakacheka. "Bwana harusi, jibu basi!"

"Anaenda, baba."

Akalegeza tena. Mafundi wakarudi nyuma. Nikasikia kidole kikivunjika, mama, na bado sikuweza kumpigia kelele.

"Fundi bila mkono anaenda wapi?" akauliza polepole, kama anauliza bei ya nyanya. "Sema anabaki."

Sikusema. Hapo Sesilia akafika na chakula cha mchana. Akatua sufuria, akapiga magoti mbele ya baba yake, akamwomba sana.

"Ukigusa hii jeki," baba yake akamwambia, "kwangu usirudi, hata mama yako akifa."

Mke wangu akainuka, akashika jeki, akapampu mpaka mkono wangu ukatoka chini ya ukuta. Mama, nani ana mke kama huyu? Nililia kwa maumivu na kwa kumpenda.

Hospitali wamekata vidole viwili. Jioni ile baba mkwe alitoa nguo za Sesilia nje, kwenye kiroba. Mama yake alisimama mlangoni kumtazama, akaambiwa aingie ndani. Akaingia.

Sasa tumejibanza kwenye chumba cha kupanga huku Magamba, tukisubiri kidonda kikauke tupande basi. Nampenda hata anavyokunja shuka! Ila jana alianza kuimba wimbo wa mama yake, akaukatiza katikati.

Msalimie dada, aliyenishonea suruali ya harusi, na mjomba aliyenifundisha kushika randa. Mwambie kushoto nako nitajifunza.

Nina ombi moja, mama. Mgeni akiingia kwetu, cha kwanza nyie mnamuuliza habari za nyumbani kwao. Sesilia akifika, msimuulize. Mpeni maji ya kuoga, na muulizeni habari za safari tu.

Mwanao,
Yohana, mume wa Sesilia